Mzimu Huu na Mzimu Huyu: Muhammed Said Abdulla na Urithi wa Hofu katika Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika mihadhara na vitabu vya historia ya fasihi ya Kiswahili, jina la Muhammed Said Abdulla aghalabu hutajwa pamoja na sifa moja, nayo ni kwamba yeye ndiye baba wa riwaya ya upelelezi. Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, imekuwa kama kufuli mlangoni. Mwanafunzi akishaielewa, humlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, hukitaja kiko chake, humtaja swahiba wake Najum na Inspekta Seif wa polisi, kisha hukifunga kitabu kana kwamba hakuna la zaidi la kuulizwa. Linalosahauliwa ni kwamba riwaya mbili za mwanzo za mwandishi huyu zina majina ambayo hayadokezi upelelezi hata kidogo. Ya kwanza inaitwa Mzimu wa Watu wa Kale, na ya pili Kisima cha Giningi. Msomaji wa Unguja aliyeyaona majina hayo kwenye jalada hakutarajia polisi, alitarajia kutishwa.

Makala haya yanashikilia kwamba Abdulla ni fundi wa hofu kabla ya kuwa fundi wa upelelezi, na kwamba ufundi huo umejengwa kwa lugha. Yanashikilia pia kwamba waliokuja baada yake, wachoraji wa katuni za kutisha wakiwemo, waligawana urithi wake kwa namna isiyo sawa: hofu ilipata warithi wengi, lakini uchunguzi unaoivua hofu hiyo nguo haukupata wa kuulea kwa kiasi kile. Jambo hili si la maktaba peke yake. Visiwa vya Zanzibar vimewahi kuonyesha gharama ya hofu isiyoulizwa maswali.

2.0 Mtu na kazi yake

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918, na akafariki mwaka 1991. Baada ya masomo yake alianza kazi mwaka 1938 akiwa mkaguzi wa afya. Miaka kumi hivi baadaye aliingia katika uandishi wa habari, akahariri gazeti la Zanzibari na kushiriki katika uhariri wa magazeti mengine ya visiwani, likiwemo Afrika Kwetu. Kuanzia mwaka 1958 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, hadi alipostaafu mwaka 1968. Mzimu wa Watu wa Kale iliibuka ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na shirika la maandishi la Afrika Mashariki, na shirika hilohilo likaichapisha mwaka 1960. Kisima cha Giningi ilifuata mwaka 1968. Baadaye zikaja Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Mambo mawili katika maisha hayo yanastahili uzito kuliko yanavyopewa kwa kawaida. La kwanza ni mahali alipozaliwa. Makunduchi ni mji wa Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya ambayo kibanda huchomwa moto na wanaume hupigana kwa migomba ili kuuaga mwaka na kisirani chake. Ni sehemu ya kisiwa yenye ardhi ya mawe na mapango, na baadhi ya mapango hayo ni mizimu, yaani mahali ambapo watu hupeleka ubani, chakula na nadhiri. Pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, linajulikana na wanaakiolojia kwa masalia ya kale sana, na wakati huohuo linajulikana na wenyeji kuwa ni mahali pa kuombea. Lahaja ya Makunduchi nayo wenyewe huiita Kikae, maana yake lugha ya kale. Kwa hiyo, kwa mtu aliyezaliwa huko, watu wa kale ni jirani walioondoka na kuacha mlango wazi.

La pili ni kazi yake ya kwanza. Mkaguzi wa afya huingia katika nyumba za watu, hufunua mitungi, huchungulia visima, na huuliza maji yametoka wapi na uchafu umepita njia gani. Haimpasi kuogopa kisima kwa sababu kina jina baya. Inampasa ajue kilichomo ndani. Si lazima tumfanye Bwana Msa kuwa picha ya mwandishi wake ili kukubali kwamba mwenendo huo wa macho unaonekana katika riwaya zote mbili. Mwandishi anayajua majina ya kutisha kama mwenyeji ayajuavyo, na anakitazama kisima kama mkaguzi akitazamavyo.

3.0 Sarufi ya hofu

Hofu ya Abdulla inaanzia katika sarufi ya jina. Neno mzimu lina maana mbili. Maana moja ni mahali: pango, mti, au kibanda ambapo roho za waliotangulia huombwa. Maana nyingine ni kiumbe: roho yenyewe, inayotembea na kudhuru. Kiswahili hutenganisha maana hizo kwa upatanisho. Anayesema "mzimu huu umezungukwa na miti" anazungumzia mahali. Anayesema "mzimu huyu amenifuata hadi nyumbani" anazungumzia kiumbe. Kiashiria na kiambishi cha nafsi huondoa utata mara moja.

Lakini katika jina Mzimu wa Watu wa Kale hakuna kiashiria wala kitenzi. Kuna kihusishi cha -a tu, nacho katika ngeli ya m-/wa- ni "wa", na katika ngeli ya m-/mi- pia ni "wa". Mtu wa kale, mti wa kale: umbo ni moja. Sarufi, ambayo kwa kawaida ingetuambia kama tunakwenda mahali au tunafuatwa na kiumbe, inanyamaza. Hapana haja ya kudai kwamba mwandishi alikaa na kupiga hesabu ya ngeli. Inatosha kuona kwamba alichagua jina ambalo lugha yenyewe haiwezi kulikatia shauri, akamwacha msomaji katika shaka hiyo tangu jalada. Maiti ya mwenye shamba tajiri inapopatikana mzimuni, swali la jalada linageuka kuwa swali la hadithi. Je, pale ni mahali palipotumiwa na mtu, au ni kiumbe aliyetenda mwenyewe? Upelelezi wa Bwana Msa, kwa lugha ya isimu, ni kazi ya kurudisha upatanisho uliopotea. Anathibitisha kwamba ni mzimu huu, si mzimu huyu. Mkono uliotenda ni wa mtu.

Kisima cha Giningi inafanya jambo linalofanana kwa njia nyingine. Giningi, katika masimulizi ya Pemba na Unguja, ni mji wa wachawi, mahali wanapokutana usiku, pasipoonekana na asiye wao. Kisima, kwa upande wake, ni kitu cha kila siku. Kila mtaa ulikuwa nacho, na kila mtoto alitumwa kuteka maji. Kihusishi "cha" kinaunganisha kitu kinachojulikana kabisa na mahali pasipojulikana, bila kueleza uhusiano ni upi. Je, ni kisima kilichoko Giningi, kinachomilikiwa na Giningi, au kinachopelekea Giningi? Hofu nzuri haihitaji maneno mazito. Inahitaji neno la nyumbani lililowekwa karibu na neno la kuzimu, na msomaji akaachiwa kazi ya kuziba pengo.

Ukoo wa maneno haya nao unafaa kutazamwa. Mzimu, wazimu, kuzimu na zimwi ni maneno ambayo mwanaisimu hawezi kuyatenga. Kuzimu ni mahali pa wafu. Zimwi ni jitu la hadithi za watoto. Wazimu, ambao leo ni ugonjwa wa akili, kwa umbo lake unakumbusha wingi wa viumbe: ndiyo maana husemwa wazimu umempanda, kama inavyosemwa pepo amempanda. Mgonjwa, katika kumbukumbu ya lugha, ni mtu aliyekaliwa. Lugha haimlazimishi mzungumzaji kuamini hivyo, lakini humwekea njia iliyokwisha kukanyagwa, na usiku wa hofu watu hupita njia iliyokanyagwa.

4.0 Warithi

Riwaya ya Kiswahili ya vitisho haikubaki mzimuni. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alichapisha Simu ya Kifo, na jina peke yake linaonyesha safari iliyofanywa: hofu imetoka pangoni ikaingia katika waya wa simu, imetoka shamba ikaingia Dar es Salaam. Katalambulla huyohuyo alihariri Film Tanzania, gazeti la hadithi za picha za kamera, na hapo hadithi ya kusisimua ikaanza kutazamwa badala ya kusomwa tu. Katika miaka ya 1970 likazaliwa gazeti la Sani, ambalo jina lake limetokana na herufi za mwanzo za majina ya waasisi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Kutokana na magazeti ya aina hiyo, katuni ya Tanzania ilijipatia wachoraji, wasomaji na wachuuzi wa barabarani. Humo hadithi ya wachawi, majini na wafu waliofufuka ilikuta makao. Mtafiti Mjerumani Jigal Beez ni miongoni mwa wachache waliozichukulia katuni hizo za kutisha kuwa jambo la kuandikiwa makala ya kitaaluma. Hilo lenyewe ni la kutafakari, kwa kuwa idara za Kiswahili za Afrika Mashariki zina wataalamu wengi wanaoweza kuzisoma bila kamusi.

Katuni ya kutisha inabadilisha jambo moja la msingi. Mchoraji hawezi kuchora utata wa ngeli. Akichora mahali, amechora mahali. Akichora kiumbe, kiumbe kina meno, macho na kucha. Lile "wa" lisilokata shauri halina picha yake. Kwa hiyo katuni hulazimika kuchagua, na kwa kawaida huchagua mzimu huyu. Maneno yanayobaki katika viputo vya usemi ni ya ukelele na tanakali, na hofu inahamia katika wino. Si kosa la mchoraji. Ni sharti la sanaa yake. Mchoraji hodari hujua namna ya kurudisha shaka kwa kivuli, kwa mlango ulio nusu wazi, kwa sura inayoonekana kwa mgongo. Lakini hadithi iliyokwisha kuonyesha jini kwa macho makavu katika kisanduku cha tatu haiwezi tena kuuliza, katika kisanduku cha mwisho, kama jini alikuwapo. Mahali pa Bwana Msa hapo huchukuliwa na mganga au na dua, ambao kazi yao ni kumfukuza kiumbe. Kuuliza ni nani aliyemleta si kazi yao.

Mrithi wa aina nyingine ni Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba. Katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi (1990) Giningi imepanda kutoka kisimani na kuwa dola zima chini ya Bi Kirembwe, ambako raia wamefanywa wasione wanachokiona. Katika riwaya yake Babu Alipofufuka (2001) mzuka wa babu unamjia mkubwa mmoja wa serikali na kumtembeza aone hali ya watu wake. Hapa hofu imerudishiwa swali, lakini swali limebadilika. Abdulla aliuliza nani ameua. Mohamed anauliza nani anatawala. Kwake yeye mchawi ni sitiari ya mamlaka, na msomaji anayeielewa sitiari hafikiri kwamba Giningi ipo wala kwamba haipo. Anafikiri juu ya jirani yake na juu ya serikali.

Kwa hiyo urithi umegawanyika. Katuni imechukua kiumbe, tamthilia imechukua sitiari. Kilichobaki bila mlezi wa kutosha ni hatua ile ya tatu, subira ya mtu anayekaa na kiko chake akauliza: nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani anafaidika tukiogopa?

5.0 Mwaka 1995

Mapema mwaka 1995, mwaka ambao Zanzibar iliingia katika uchaguzi wake mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, habari za Popobawa zilienea Pemba na baadaye Unguja. Alisemekana kuwaingilia watu usiku wakiwa vitandani, kuwadhalilisha, na kuwataka watangaze yaliyowafika. Watu wengi, mjini na shamba, walilala nje ya nyumba zao kwa makundi, wakikesha karibu na moto. Katika hofu hiyo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa Unguja na kundi la watu waliodhani kwamba yeye ndiye.

Jina la kiumbe huyo linastahili jicho la mwanaisimu. Kwa kawaida Kiswahili kingesema bawa la popo, na kihusishi kingetuonyesha kitu na mwenyewe. Popobawa limeunganishwa bila kihusishi, na hivyo halituachii nafasi ya kuuliza bawa la nani. Upatanisho wake haukusita hata siku moja: amekuja, amepita, ameonekana. Tangu mwanzo alikuwa huyu.

Mtu aliyeuawa alikuwa na kile ambacho lugha inakiita wazimu. Waliomuua hawakuhitaji kufundishwa isimu ili wauone mzimu ndani ya neno hilo. Njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Hakukuwapo, katika kundi lile, mtu aliyesikilizwa akisema tungojeni tuulize. Kudai kwamba riwaya moja ingemwokoa mtu huyo kungekuwa ni kuipa fasihi nguvu isiyo nayo. Lakini jamii hujifunza kusubiri kwa kuzoezwa kusubiri, na hadithi ni mojawapo ya mahali pa mazoezi hayo. Msomaji aliyetishwa na mzimu kwa kurasa mia, kisha akaonyeshwa hatua kwa hatua mkono wa mtu, amezoezwa jambo ambalo mahubiri dhidi ya ushirikina hayamzoezi. Mahubiri humwambia asiogope. Riwaya humwacha aogope kikweli, kisha humpa njia ya kutokea.

6.0 Pingamizi na majibu

Huenda ikasemwa kwamba Bwana Msa ni mgeni aliyevaa kanzu. Kiko chake na akili zake zimetoka London, na kazi yake ni kuzivunja imani za wenyeji kwa niaba ya shule ya mkoloni. Pingamizi hili lina nguvu, na haifai kulipuuza. Ni kweli kwamba umbo la riwaya limetoka kwa Arthur Conan Doyle, ambaye katika The Hound of the Baskervilles (1902) alifanya jambo lilelile: mbwa wa laana anageuka kuwa mbwa wa mtu. Ni kweli pia kwamba riwaya ya upelelezi na hadithi ya kutisha zililelewa nyumba moja tangu siku za Edgar Allan Poe, aliyechapisha hadithi yake ya kwanza ya upelelezi mwaka 1841 huku akiendelea kuandika za makaburi na majumba yaliyolaaniwa.

Lakini kukopa umbo si kukopa nia. Conan Doyle mwenyewe, baada ya kumfanya Holmes aidharau mizuka, alitumia miaka yake ya mwisho kutetea imani ya kuzungumza na wafu. Abdulla hakuhitaji kuchagua upande wowote kati ya hizo mbili. Bwana Msa hauvunji mzimu wala hawacheki wanaopeleka ubani. Anachokikataa ni mzimu kusingiziwa. Kuna heshima ndani yake: watu wa kale wanaondolewa tuhuma ya kuua. Mwenyeji wa Makunduchi angeweza kuisoma riwaya hiyo, akaridhika na hukumu yake, na siku ya pili akaenda mzimuni kuweka nadhiri bila kujipinga. Kati ya imani na ushirikina wa kuua kuna pengo, na mwandishi alilijua pengo hilo kwa sababu alizaliwa kwenye ukingo wake.

Huenda ikasemwa vilevile kwamba katuni ni fasihi pendwa isiyostahili nafasi katika mitaala. Jibu ni fupi. Riwaya za Bwana Msa nazo ziliwahi kuitwa hivyo. Chombo kinachosomwa na vijana wengi hakipungui umuhimu kwa kutosomwa na walimu wao. Kinachopungua ni elimu ya walimu.

7.0 Hitimisho

Mambo matatu yanafuata kutokana na hoja hizi. Kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi zifundishwe kama maandishi ya hofu kabla ya kufundishwa kama maandishi ya upelelezi, na mwanafunzi wa isimu aalikwe darasani pamoja na mwanafunzi wa fasihi, kwani vitisho vyake vimo katika ngeli na vihusishi. Pili, katuni za kutisha za Kiswahili zikusanywe. Karatasi zake ni duni, hufungiwa karanga na kuoza, na kila mvua ya masika hupunguza ushahidi. Nyaraka za Taifa za Zanzibar, BAKIZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na vyuo vya bara vina uwezo wa kuzihifadhi, nazo kazi hiyo haihitaji fedha nyingi kuliko inavyohitaji kabati kavu na mtu wa kuandika orodha. Tatu, wachoraji na waandishi chipukizi wahimizwe kukichukua kile kipande cha urithi kilichokosa mlezi. Mchoraji anaweza kumchora jini kwa ustadi wote, kisha, katika ukurasa wa mwisho, akachora alama ya kiatu mchangani.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Abdulla aliugeuza uhusiano huo: zimwi unalolijua ndilo lisilokula likakwisha. Kwa miaka ishirini na minne, tangu riwaya ya kwanza hadi ya mwisho, aliwafundisha wasomaji wake kulijua.